Masoko kwa biashara ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na imani zinazopoteza pesa

Fedha nyingi za masoko hazipotei kwa sababu tangazo lilikuwa baya. Zinapotea kwa sababu mwenye biashara alilipia hatua ambayo haikuwa na shida, akaiacha ile iliyokuwa inamkosesha wateja. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yatakurudisha kwenye swali lilelile: mteja wako anakatikia wapi, kabla hajakusikia, akishauliza bei, au baada ya kununua mara ya kwanza?

Masoko si ndiyo matangazo?

Matangazo ni kipande tu. Mwaka 1960 mwalimu wa Kimarekani E. Jerome McCarthy aligawa kazi ya masoko katika mambo manne ambayo bado yanafundishwa: bidhaa, bei, mahali inapopatikana na utangazaji. Ukianza kufungua saa moja mapema, ukipunguza ujazo wa chupa, ukikubali malipo ya awamu au ukipeleka mzigo hadi mlangoni kwa mteja, umefanya masoko hata kama hujatangaza popote.

Kabla hujalipia tangazo lolote, hesabu mambo matatu kwa wiki mbili: wangapi wameuliza, wangapi wamenunua, wangapi kati ya walionunua walikuwa wamewahi kuja. Wakiuliza wengi wakanunua wachache, tangazo litakuongezea wa kuuliza tu. Tatizo liko kwenye bei, maelezo au namna unavyojibu. Wakiuliza wachache lakini karibu wote wakanunua, hapo ndipo tangazo lina kazi ya kufanya. Na kama wanunuzi wote ni wapya kila wiki, kwa bidhaa ambayo kwa kawaida mtu huihitaji tena na tena, chunguza kwanza bidhaa yenyewe.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa yangu ni nzuri, kwa nini nihangaike?

Methali hiyo ni ya kweli pale mnunuzi anapouona uzuri kabla hajatoa pesa. Mara nyingi hauoni. Mwaka 1970 mwanauchumi Phillip Nelson alitenganisha vitu ambavyo ubora wake hujulikana kwa kuviangalia na vile ambavyo hujulikana kwa kuvitumia. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni wakaongeza kundi la tatu: vitu ambavyo hata baada ya kuvitumia mteja hawezi kuthibitisha. Gari limetengenezwa na linatembea, lakini je, kile kifaa kilichobadilishwa kilikuwa kimekufa kweli?

Jiulize chako kiko kundi gani, kwa sababu kila kundi lina ushahidi wake. Kama ubora unaonekana kwa macho, kama samani au nguo, piga picha kwenye mwanga wa mchana, onyesha mshono na upande wa nyuma, andika vipimo kwa sentimita. Kama unajulikana kwa kutumia, toa kipimo kidogo cha kujaribu au sharti la kurudisha lenye idadi ya siku. “Tunajali wateja” si sharti. “Rudisha ndani ya siku 7 ikiwa na risiti” ni sharti.

Kundi la tatu ndilo gumu, na ndilo wanamoangukia mafundi, wakaguzi na washauri wa kila aina. Dawa yake ni kumwonyesha mteja kile ambacho asingeweza kukiona: mkabidhi kifaa kibovu ulichokitoa, mpigie picha kabla ya kufunika, mwandikie makadirio yenye bei ya kila kipengele badala ya jumla moja. Fundi anayefanya hivyo anaweza kutoza zaidi ya jirani yake bila ugomvi.

Wateja wangu ni kila mtu. Kuna ubaya?

Hakuna ubaya kumuuzia kila mtu. Ubaya ni kuzungumza na kila mtu kwa tangazo moja.

Chukua mfano wa fundi cherehani anayeshona sare. Anaweza kuwauzia wazazi wa wanafunzi, hoteli na kampuni za ulinzi. Mzazi anataka sare moja kabla shule hazijafunguliwa, na anauliza kama pindo limeachwa refu ili mtoto akikua ishushwe. Hoteli inataka seti nyingi, rangi isiyopauka kwa kufuliwa kila siku, na uhakika kwamba baada ya mwaka kitambaa kilekile kitapatikana. Kampuni ya ulinzi inauliza kama mishono ya bega inahimili mkanda, na kama mfuko wa kifuani unatosha redio. Tangazo linalosema “tunashona sare za aina zote kwa bei nafuu” halijamjibu hata mmoja.

Namna ya kuchagua: fungua kumbukumbu za mauzo, toa wateja 20 waliokuingizia faida kubwa zaidi mwaka uliopita. Faida, si mauzo. Wapo wateja wanaonunua sana huku wakikumaliza kwa mikopo na marekebisho. Kwa kila mmoja andika alinunua nini, mara ngapi, nani alimleta, na nini kilitokea kwake siku aliyoamua kukutafuta. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. “Mgeni rasmi anakuja wiki ijayo”, “fundi wa zamani amehama”, “ukaguzi umekaribia”: hayo ndiyo maneno ya kuanzia tangazo lako.

Nikishusha bei si nitauza zaidi?

Utauza zaidi, labda. Kupata faida zaidi ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi wanaumia bila kujua, kwa hiyo tukae kidogo na hesabu.

Bidhaa inauzwa 1,000 na inakugharimu 700. Faida ghafi ni 300, yaani asilimia 30 ya bei. Ukiuza 100 kwa mwezi unabaki na 30,000. Sasa toa punguzo la asilimia 10: bei inakuwa 900, faida 200. Ili upate 30,000 ileile lazima uuze 150. Mauzo yapande kwa nusu ndipo uwe pale ulipokuwa, huku ukiwa umechoka zaidi na umefunga mtaji mkubwa zaidi kwenye mzigo. Ukitoa punguzo la asilimia 20, faida inabaki 100 na unatakiwa kuuza 300, mara tatu.

Kanuni yake: gawa asilimia ya punguzo kwa tofauti kati ya asilimia ya faida na asilimia ya punguzo. Kumi gawa kwa (30 toa 10) ni nusu. Ishirini gawa kwa (30 toa 20) ni mbili, yaani nyongeza ya asilimia 200.

Upande wa pili wa hesabu hii watu huwa hawauangalii kabisa. Ukipandisha bei kwa asilimia 10, faida inakuwa 400, na ukiuza 75 tu tayari una 30,000. Unaweza kupoteza robo ya mauzo na usipungukiwe chochote. Hatusemi kila mtu apandishe bei kesho asubuhi. Tunasema usiogope swali hilo kabla hujalipigia hesabu.

Angalia pia mtego huu. Ukiongeza asilimia 30 juu ya gharama ya 700, bei inakuwa 910, na faida ya 210 ni kama asilimia 23 ya bei, si 30. Mwenye duka anayedhani ana asilimia 30, akatoa punguzo la asilimia 20, anabaki na 28 tu kwa kila kitu kimoja kabla ya kodi ya pango na umeme.

Punguzo lina mahali pake: mzigo unaokaribia kuisha muda, nguo za msimu unaoishia, saa ambazo mafundi wako wamekaa bure. Hata hivyo lipe tarehe ya mwisho na uiheshimu. Ofa inayoongezwa muda kila Jumatatu inawafundisha wateja kusubiri.

Niandike bei hadharani, au niseme “njoo inboksi”?

Andika bei. Sababu zinazotolewa za kuificha ni tatu: washindani wataiona, wateja watakimbia kabla sijawaelewesha, na kila kazi ina bei yake.

Mshindani akitaka bei yako atajifanya mteja akuulize; itamchukua dakika moja. Mteja anayekimbia bei hadharani angekimbia inboksi pia, tofauti ni kwamba sasa amekula muda wako wa kuandika. Na wapo wengi ambao hawaulizi kabisa, ama kwa haya ama kwa kudhani bei ikifichwa basi ni kubwa, au inapangwa kwa kumtazama mtu. Hao huwaoni kwenye hesabu yoyote.

Sababu ya tatu ina uzito. Kama kazi zinatofautiana, andika bei ya kuanzia pamoja na mifano miwili iliyokamilika: “Kabati la milango miwili, mbao hizi, kimo hiki: kiasi hiki, usafiri ndani yake.” Kisha taja mambo yanayopandisha bei. Mtu atajipima mwenyewe kabla ya kukuandikia, na atakayeandika atakuwa karibu zaidi na kununua.

Ni lazima niwe kwenye kila mtandao wa kijamii?

Hapana. Mmoja unaouendesha vizuri, pamoja na njia moja ya kupokea oda, vinatosha kuanza. Ukurasa uliolala tangu mwaka juzi ni mbaya kuliko kutokuwa na ukurasa, maana mtu anayeukuta hudhani umefunga.

Kitu ambacho watu hukisahau ni Wasifu wa Biashara kwenye Google, ule unaotokea pamoja na ramani mtu akitafuta. Kuufungua ni bure. Jaza saa za kazi zikiwemo za sikukuu, namba inayopokelewa, kundi sahihi la biashara, na picha ya mlango ilivyo kutoka barabarani ili mtu akifika asipite. Mtu anayetafuta “fundi friji karibu nami” ana shida sasa hivi. Wa mitandaoni anapitisha muda.

Nina wafuasi maelfu lakini siuzi. Tatizo ni nini?

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, wako wapi? Fungua takwimu za akaunti uone miji na umri wao. Kama unahudumia mtaa mmoja na wafuasi wako wametawanyika dunia nzima, idadi hiyo ni pambo. La pili, walikuja kwa sababu gani? Waliokufuata kwa vichekesho watabaki kusubiri vichekesho.

Wafuasi wa kununua usiwaguse. Mbali na kuwa akaunti feki, wanakuharibia kitu cha kiufundi: mitandao huonyesha posti kwa sehemu ya wafuasi kwanza na kupima wanavyoitikia kabla ya kuisambaza zaidi. Ukiwa umejaza akaunti zisizo na mtu nyuma yake, kipimo hicho kinaanza vibaya kila mara.

Nimelipia tangazo Facebook na Instagram siku tatu, sijaona kitu. Matangazo ya mtandaoni ni utapeli?

Si utapeli, ila ni rahisi kuyaendesha vibaya. Makosa yanayojirudia ni haya, na tumeyaweka kwa mpangilio wa kuyakagua.

Lengo ulilochagua. Mfumo unatafuta watu wa kufanya kile ulichouomba. Ukichagua lengo la kupata mwitikio kwenye posti, utaletewa watu wanaopenda kubonyeza moyo. Kama oda zako zinakuja kwa mazungumzo, chagua lengo la ujumbe. Kitufe cha kukuza posti kilichopo chini ya picha ni chepesi, lakini kina machaguo machache kuliko programu kamili ya kusimamia matangazo. Izoee programu hiyo mapema.

Eneo. Kagua ramani. Mara nyingi unakuta tangazo la saluni ya mtaa mmoja limewekewa nchi nzima.

Kuchezacheza. Meta, wamiliki wa Facebook na Instagram, wanasema kundi la tangazo huhitaji matukio kama 50 ndani ya wiki, ya aina uliyoomba, ili mfumo utulie. Ukibadilisha picha leo, bajeti kesho na walengwa keshokutwa, unaanza upya kila mara. Weka, uache siku 7, ndipo uhukumu. Kama bajeti yako haiwezi kuleta mauzo 50 kwa wiki, na kwa biashara ndogo nyingi haiwezi, omba tukio lililo karibu zaidi na mwanzo wa safari, kama ujumbe.

Picha na maneno. Video ya simu iweke wima, uwiano wa 9:16, na ujumbe mkuu uonekane kwa maandishi kwenye sekunde za kwanza kwa kuwa wengi wanaangalia bila sauti. Nembo inayozunguka kwa sekunde nne mwanzoni ni sekunde nne za kumkaribisha mtu apite.

Anayejibu. Hili ndilo kubwa, na halimo ndani ya tangazo kabisa. Tuseme umetumia 6,000, ukapata ujumbe 80, wakanunua 20. Kila mnunuzi amekugharimu 300. Ukijibu ndani ya dakika chache, ukiwa na bei, picha na njia ya kulipia tayari, na wanunuzi wakafika 32, kila mmoja amekugharimu chini ya 190, na hujagusa tangazo. Kwa hiyo usiwashe tangazo saa ambazo hakuna wa kushika simu. Kwenye WhatsApp Business andaa majibu ya haraka kwa maswali matano yanayojirudia, jaza katalogi, na tumia lebo kutenganisha aliyeuliza, aliyeahidi na aliyelipa. Kisha mfuatilie aliyenyamaza, mara moja, kesho yake: “Habari, ile saizi uliyoulizia bado ipo. Nikuwekee?” Mara moja inatosha. Ya tatu ni usumbufu.

SMS za mkupuo bado zina maana?

Zina maana kwa watu waliokubali kuzipokea na wanaokujua. Orodha ya namba iliyonunuliwa ni njia ya haraka ya kuchukiwa, na katika nchi nyingi sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinakataza kumtangazia mtu bila ridhaa yake.

Gharama zina siri yake. SMS moja ya herufi za kawaida ina nafasi 160. Ukiweka emoji, au alama yoyote iliyo nje ya seti ya kawaida, nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande vya 153, au vya 67 kama una alama hizo, na unalipia kila kipande. Maana yake ujumbe wa herufi 150 ni SMS moja. Uwekee kiuso kimoja cha kucheka, unakuwa vipande vitatu. Bili mara tatu kwa sababu ya kiuso.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna mtego mwingine mdogo: ile alama ya kwenye “ng'” na “ng'aa”. Ukiandika kwenye programu ya kuandikia nyaraka kisha ukanakili, mara nyingi inageuzwa kuwa alama iliyopinda, ambayo haimo kwenye seti ya kawaida, na ujumbe wote unahamia nafasi 70. Mifumo mingine hurekebisha yenyewe, mingine hairekebishi. Ichape upya iwe imenyooka, kisha angalia kihesabio cha vipande kabla ya kubonyeza tuma.

Kwenye WhatsApp, orodha ya kutuma kwa pamoja huchukua watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana unatuma kwa 200 wanajibu 6: huenda wengi hawakuupata kabisa. Muombe mteja ahifadhi namba yako pale anapolipa, simu ikiwa mkononi.

Nianze na nembo nzuri na tovuti?

Anza na jina linalotamkika, namba isiyobadilika na rangi mbili unazozishikilia. Nembo ijaribu kwa kuichapa kwa rangi moja ikiwa na upana wa sentimita 2. Ikigeuka doa, haifai. Dai upewe faili la vekta, lile linaloweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuvurugika, maana mbunifu akipotea nalo utalipa tena. Vipeperushi vya kuchapisha viandaliwe kwa nukta 300 kwa inchi, na rangi ya pembeni izidi milimita 3 kila upande ili mkato usiache mstari mweupe.

Tovuti inangoja, isipokuwa kama wateja wako ni kampuni na ofisi. Hao hukuchunguza kabla ya kukuita.

Nitenge kiasi gani kwa ajili ya masoko?

Watu hupenda kupewa asilimia ya mauzo. Inasaidia kujiwekea ukomo, lakini haikuambii kama pesa hiyo inarudi. Hesabu inayokuambia ni hii.

Mteja wa ile bidhaa yetu ya 1,000 anaacha faida ya 300 kila anaponunua. Tuseme kumbukumbu zako zinaonyesha kwamba kwa wastani mteja hununua mara 4 kwa mwaka: hiyo ni 1,200. Hapo ndipo juu kabisa, na hutakiwi kufika karibu napo, kwa kuwa faida hiyohiyo inalipa pango na mishahara. Ukiamua theluthi yake iende kwenye kumpata, kikomo ni 400.

Lakini 400 ni zaidi ya faida ya manunuzi ya kwanza. Utakuwa umetoa pesa leo na kuirudisha atakapokuja mara ya pili, labda baada ya miezi mitatu. Mwenye akiba anaweza kusubiri. Asiye na akiba ataishiwa mtaji huku hesabu zake zikionyesha faida, na haya hutokea kweli. Kama mtaji ni mdogo, kikomo chako ni faida ya manunuzi ya kwanza, nukta. Kwenye gharama ingiza kila kitu: bando, mpiga picha, usafiri wa bure uliotoa, zawadi, na saa za msaidizi anayejibu ujumbe.

Nitajuaje ni njia gani iliyomleta mteja?

Muulize. “Umetufahamu kupitia wapi?” iulizwe wakati wa kulipa, na jibu liandikwe hapohapo, siyo jioni kwa kukumbuka. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lenyewe linahitaji safu sita tu: tarehe, mpya au wa zamani, alikotufahamia, alichoulizia, alichonunua, kiasi.

Kwa kuwa watu husahau au husema tu “mtandaoni”, ongeza alama. Kipeperushi kiwe na neno lake la punguzo, bango liwe na msimbo wake wa QR, tangazo la redio litaje laini tofauti ya simu. Ukijaribu kitu, badilisha kimoja: ukibadilisha picha, bei na eneo kwa pamoja, mauzo yakipanda hutajua umshukuru nani.

Wateja wakiridhika si wataletana wenyewe?

Wengine watafanya hivyo, ila taratibu, na kwa kawaida wanangoja kuulizwa. Kinachosaidia ni kuwapa kitu cha kupitisha: picha ya kazi iliyokamilika yenye jina na namba yako, iliyotumwa kwao siku ya kukabidhi, siku ambayo wana hamu ya kuionyesha. Omba kwa umahususi. “Kama kuna jirani anayejenga, mpe namba hii” inafanya kazi kuliko “tuletee wateja”. Zawadi ya kuleta mteja, kama ipo, iende kwa wote wawili. Ikienda kwa mleta peke yake, mgeni anahisi ameuzwa.

Nimlipe mtu maarufu anitangazie?

Kwa biashara inayohudumia eneo dogo, mara chache sana. Ukiamua, omba picha za takwimu za wafuasi wake kwa mji na umri, mpe neno lake la punguzo, gawa malipo kabla na baada, na mwandikiane kwamba video utaruhusiwa kuitumia kwenye matangazo yako ya kulipia. Kipengele hicho cha mwisho mara nyingi kina thamani kuliko posti yenyewe, inayozama ndani ya siku mbili.

Mauzo yakiwa mazuri, si nipumzishe matangazo?

Matokeo ya kuzima hayaonekani siku unayozima. Anayenunua leo huenda alikuona wiki sita zilizopita, hasa kwa vitu vya bei kubwa. Ukizima leo, pengo linakuja baadaye, na wakati huo utalilaumu soko. Punguza kama umezidiwa na oda, lakini usifikie sifuri. Tumia kipindi cha oda nyingi kukusanya picha, maoni na namba za wateja, maana msimu wa ukame hakuna cha kupiga picha.

Mteja ameandika malalamiko hadharani. Nifute?

Usifute, isipokuwa kama kuna matusi au taarifa binafsi za mtu. Atapiga picha ya skrini, atairudisha ikiwa na hasira mara mbili. Jibu siku hiyohiyo kwa sentensi tatu: taja tatizo lake kwa maneno yake, sema hatua utakayochukua na lini, kisha mpe namba ya kuendelea faragha. Usibishane na tarehe wala tabia yake mbele za watu; unayemwandikia hasa ni msomaji mwingine anayepima kama aje kwako. Likimalizika, rudi palepale uandike limeisha vipi: “Tumembadilishia pampu tarehe 14, bila malipo.”

Usilipie wala kutoa zawadi ili upewe nyota. Google wanakataza maoni yaliyonunuliwa au kutolewa kwa kubadilishana na punguzo, na wanaweza kuyaondoa. Badala yake mtumie kila mteja kiungo cha kuandika maoni siku moja au mbili baada ya kukabidhi kazi, pamoja na swali mahususi la kumsaidia kuanza, kama “muda wa kukabidhi ulikuwaje?” Mtuma kiungo awe yuleyule aliyemhudumia.